Majani ya Kivulini Kule Ntoto



Wiki hii tunawapeleka Ntoto, kule ambako Masisi inakutana na Walikale. Ukitoka Masisi yetu ya ng'ombe, jibini na baridi ya asubuhi, unashuka upande wa magharibi. Malisho yanapungua, miti inakaribiana, hewa inakuwa nzito kwa joto na unyevu. Asubuhi tulivaa sweta. Mchana tulikuwa tumezifunga kiunoni. Tulifika na matope mpaka magoti.

Sisi walimu tulienda kwa kazi ya shule. Lakini kitu kilichotushangaza tulikikuta nyuma ya nyumba tuliyopokelewa. Chini ya migomba, mahali jua linapoingia kidogo kidogo tu, palikuwa na shamba dogo la majani. Upande mmoja magimbi, ambayo wengi wetu tunayaita mateke. Upande wa pili mangungu, yale majani mapana ya kufungia chikwange na samaki.

Tulicheka. Tukamuuliza mama mwenyeji: "Mama, mangungu si ya porini? Nani analima mangungu?"

Akajibu: "Ni mimi, Mwalimu. Zamani binti yangu ndiye alienda kuyakata. Kila siku ya kuamkia soko alikosa masomo. Halafu kuna siku tulisikia risasi upande ule ule alikokwenda. Alirudi salama, lakini mimi sikulala. Nikasema afadhali pori lije nyumbani."

Hatukucheka tena. Sisi tunaoshika daftari la mahudhurio tunajua: siku ya kuamkia soko wasichana wanapungua darasani. Tumekuwa tukiandika "hayupo" bila kuuliza yuko wapi.

Tulimwomba atufundishe. Mangungu yana shina linalotambaa chini ya udongo na kutoa majani mapya. Yeye alichimba vipande vyenye chipukizi, akavipanda mvua zilipoanza, katika udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza. Hakuyaweka penye jua la mchana, maana linayachoma. Mwaka wa kwanza hakukata hata jani moja. Sasa anakata yaliyokomaa tu, na kila mara anaachia mmea majani ya kuulisha. Mabua nayo hayatupi: anayapasua na kusukia mikeka.

Mateke ni rahisi zaidi. Ukivuna, kata kichwa cha kiazi pamoja na kipande cha bua, upande tena. Yanapenda maji, kwa hiyo yeye ameyaweka pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita. Lakini tukumbushane: mateke hayaliwi mabichi, jani wala kiazi. Ndani yake mna vitu vidogo vyenye ncha kama sindano, ndivyo vinavyowasha mdomo na koo. Chemsha mpaka yaive kabisa, hasa ukimpa mtoto.

Huko Japani kuna mmea wa kivulini unaoitwa hosta. Wazungu wanaupanda chini ya miti kwa uzuri wa majani yake tu, na Wajapani wanakula machipukizi yake machanga. Huo hautatufaa, maana kila mwaka unahitaji majira ya baridi kali ili upumzike. Sisi tunayo majani yetu, na yanafanya kazi. Jani la mangungu linavumilia moto na mvuke bila kupasuka, na ukilitupa linageuka udongo. Mwisho wa mwaka 2017 serikali yetu ilikataza sashe za plastiki, lakini sokoni bado tunafungiwa chakula cha moto ndani yake.

Hatutaki kuwadanganya kwamba shamba lile limemaliza shida zote. Mama alituambia majani yake yanatosha karibu nusu ya chikwange anazouza. Yanayobaki bado yanatoka porini, lakini sasa wanaenda wamama wazima, kwa kikundi, siku ya Jumamosi. Binti haendi tena. Jioni tulimkuta anafua sare ya shule.

Tulipoagana alitupa vipande vinne vya mangungu na vichwa sita vya mateke, vimefungwa ndani ya jani lenyewe. Tulivipanda nyuma ya shule, chini ya mti wa avoka. Mateke yote sita yameshika. Mangungu yameota kipande kimoja tu, tena polepole, maana baridi ya huku juu si joto la Ntoto. Wamama mnaokaa mabondeni mtapata bahati kuliko sisi.

Kwa hiyo, mama, angalia nyuma ya nyumba yako, pale unaposema hapaoti kitu kwa sababu ya kivuli. Na sisi walimu, kabla ya kuandika "hayupo", tuulize kwanza ni jani gani limemfuatisha mtoto porini.