Gitaa la mjomba, bumu langu na ubao wa sauti

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, na wengine mmenipigia kuuliza kama bado niko Tabora au nimesharudi kwetu. Nipo jamani. Kilichonifunga mdomo ni aibu, na leo nimeamua kuisema maana mvua zinakaribia na kuna simu lazima niipige.

Mnaoimba na mimi kwaya mnalijua lile gitaa langu la kahawia. Kusema kweli si langu, ni la mjomba. Alipewa miaka ya 1980 na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, akafundishia nalo nyimbo shule ya msingi mpaka alipostaafu. Siku nilipopata chuo, tena kozi ya ualimu, akanikabidhi. Hakuniambia mengi. Alisema tu, "Usiliache juani."

Basi bwana, mwezi Septemba nyuzi mbili zikakatika. Nyuzi za nailoni nilizitafuta hapa mjini nikazikosa, nikakuta za chuma, nikasema uzi ni uzi. Nikafunga zote sita, nikakaza mpaka zikapatana. Hee! Likalia kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta. Siku ya nne natoka pindi la saa nane, chumba chetu cha bati kinawaka kama tanuri, nakuta daraja limeinuka kwa nyuma kama soli inayobanduka, na kutoka hapo kwenda chini kuna ufa unaoingia kucha.

Nilikaa kitandani sana siku ile.

Tangu hapo nimesoma habari za magitaa kuliko nilivyowahi kusoma Falsafa ya Elimu. Na nimegundua nilikuwa napiga kitu nisichokijua. Ule ubao wa mbele wenye tundu, ambao mimi niliuona kama kifuniko tu, ndio gitaa lenyewe. Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Unatikisa daraja, daraja linatikisa ubao, ubao unasukuma hewa. Kwa gitaa la klasiki ubao huo una milimita mbili hadi mbili na nusu, tuseme jalada gumu la kitabu, na kwa ndani umebandikiwa vijiti vyembamba vilivyotawanyika kama vidole. Nyuzi za nailoni zikikazwa zote huvuta kama kilo 40. Za chuma hupita 70. Sasa wewe chukua jalada la kitabu ulivute kwa kilo 70, tena Septemba ya Tabora... mnaelewa.

Aliyeupanga vizuri ule mpangilio wa vidole ni Mhispania Antonio de Torres, aliyefariki 1892. Huyu mzee mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi zilizogandishwa na gundi, ila ubao wa mbele akaweka wa mti mzuri kabisa. Alitaka watu waone kwamba sauti inatoka mbele. Gitaa hilo bado lipo, kwenye jumba la makumbusho Barcelona. Lakini hata huku kwetu jambo hili halikuwa geni. Gambusi la Zanzibar linawambwa ngozi usoni, na ngozi ndiyo inayosema. Sisi wa Tabora labda tulilisahau kwa sababu ya sifa za wazee wetu: Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz walivuma kwa magitaa ya umeme, na la umeme halihitaji ubao wa kutetemeka, linahitaji spika tu.

Kilichonishangaza zaidi ni mti wenyewe. Mimi nilidhani mti mzuri ni mzito, si tumekulia kwenye vitanda vya mninga? Kumbe kwa ubao wa sauti ni kinyume. Unatakiwa mti mwepesi lakini mgumu kupinda, wenye nyuzinyuzi zilizonyooka. Ndiyo maana wanatumia sprusi, jamii ya misonobari, au mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini. Mninga wetu unakaa vizuri mgongoni na mbavuni, na wapo mafundi wa nje wanaoutumia hivyo. Mpingo ndiyo usiseme, mzito mpaka unazama majini. Huo huwekwa mgongoni na kwenye shingo pale vidole vinapobonyeza. Ukiweka mpingo mbele utakuwa na meza.

Halafu kuna vijana wa kisasa (vijana kwa namna ya kusema, ni wazee sasa) walioona hata milimita mbili ni nyingi. Greg Smallman wa Australia aliweka nyuma ya ubao wavu wa vijiti vya balsa vilivyotiwa nyuzi za kaboni, kisha akaukwangua ubao mpaka ukabaki kama milimita moja. Wavu unabeba mzigo, ubao unabaki huru kutetemeka. John Williams, mpigaji mkubwa wa klasiki, amekuwa akiyapiga magitaa yake tangu mwaka 1981. Wajerumani Matthias Dammann na Gernot Wagner wakapita njia nyingine: karatasi mbili nyembamba za mti, na katikati kitu kinachoitwa Nomex, kimeumbwa kama sega la nyuki. Hapo nikacheka peke yangu. Mkoa mzima huu unaishi kwa asali, misitu yetu imejaa mizinga, na hakuna aliyetuambia kwamba sega linaweza kuwa tumbo la gitaa! Ni wazo lile lile la nyuki, nta kidogo kubeba asali nyingi. Bei zake lakini tuachie hapo, gitaa moja la Smallman ni bajaji kadhaa.

Turudi duniani, kwenye bumu. Jumamosi moja nililibeba gitaa la mjomba kwa fundi mmoja mzee upande wa Kwihara, seremala wa vitanda na milango. Nilikwenda kwa miguu kupitia miembe ile mikubwa, na mizigo ya zamani ya njia hii ikanijia kichwani. Meno ya tembo yalipita Unyanyembe hapa kwenye mabega ya Wanyamwezi mpaka Bagamoyo, yakavuka Zanzibar, na mengi yakaishia Marekani, kwenye mji wa Connecticut ulioitwa Ivoryton kwa ajili hiyo hiyo, yakachanwa kuwa vibonyezo vya piano. Na njia ilipita watu pia, wenye minyororo. Mimi na kigitaa changu kwenye mfuko wa salfeti nikajiona mzigo wangu mwepesi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeua nini humo?"

Alilipapasa bila haraka. Akagonga mbele kwa kidole, akanusa tunduni, akaupitisha ukucha kwenye ufa. Akasema huu mti si wa huku, na umekauka kuliko ulivyozoea. Nikamwomba atie gundi abane siku hiyo hiyo, nilipe niondoke. Akakataa. "Ukibana sasa hivi, mvua ikija mti utavimba, utapasuka pembeni ya gundi. Toa hizo nyaya. Liweke ndani kwenye kivuli. Mvua zikishika, ufa utajifunga wenyewe, ndipo ulete." Hajawahi kutengeneza gitaa maishani mwake, ila nilipokwenda kusoma nikakuta mafundi wa magitaa wanasema vile vile, rudisha unyevu kwanza, gundi baadaye.

Sasa TP inakuja na siwezi kusubiri mikono mitupu. Nilikuwa na machaguo mawili. Kuna jamaa mjini anauza la mtumba, ubao wa mwerezi mzima, tamu ajabu. Na kuna jipya la plaiwudi, laki mbili na themanini, karibu bumu lote lililobaki. Namna ya kujua ni rahisi: chungulia ukingo wa tundu. Mistari ya mti ikiingia ndani kupitia unene wote, ni ubao mzima. Ukiona matabaka kama biskuti, ni plaiwudi. Nikamulika ndani kwa tochi ya simu kuona kama kuna kijiti kilichoachia, nikalitazama kwa ubavu kama limevimba nyuma ya daraja, nikapima nyuzi zinavyokaa juu ya kizuizi cha kumi na mbili, zisizidi sana milimita nne, vidole vya wanafunzi visije vikalia.

La mwerezi lilishinda kwa sauti, tena mbali. Ukigusa uzi mmoja linajibu kama mtu uliyemwita jina. La plaiwudi linajibu kama karani. Lakini plaiwudi matabaka yake yamepishana, moja likitaka kusinyaa lingine linalizuia, kwa hiyo ukame haulipasui kirahisi. Nikajiuliza nitakaa wapi TP: nyumba ya bati, shule ya kijijini, watoto arobaini wakigombea kulishika. Nikanunua la karani. Sijutii, ingawa jana usiku niliota lile lingine. Na nyuzi za nailoni nimeagiza seti tatu kutoka Mwanza, msinicheke.

Ikabaki simu. Nimempigia mjomba leo asubuhi kabla ya kuandika hapa. Nikamweleza yote, chuma, bati, ufa. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata.

"Ufa uko kulia kwa daraja au kushoto?"

Kulia, mjomba.

"Kushoto kuna mwingine wa zamani, mwaka 1991. Niliziba na gundi ya madaftari. Hukuuona?"

Nikalitoa chini ya kitanda, nikamulika. Upo kweli. Mwembamba kama unywele, na pembeni yake kuna alama ya kidole gumba kwenye gundi iliyokauka.

Saa kumi kuna mazoezi ya kwaya, nakwenda na la karani. La mjomba liko chini ya kitanda, limefunikwa khanga, halina uzi hata mmoja. Tunasubiri Novemba.