Mbio za Milimani na Nyumba Yenye Msiba

Katika nchi yetu ya Marungu, juu ya Moba, mtu mzima akionekana anakwenda mbio asubuhi, watu huuliza nani amekufa. Mbio ni mambo ya watoto, au ya mjumbe aliyebeba habari mbaya. Basi wanapotuona sisi tunaoandika haya, mwalimu aliyekwisha kupita miaka thelathini, tukipanda kilima pamoja na wanafunzi ishirini na mbwa mmoja, hucheka kidogo, kisha hutuachia njia. Tumezoea. Wengine, wanaojua kwamba nyumba yetu imepata msiba, husema kwamba tunakimbia ili tusahau. Hao ndio tunaotaka kuwajibu leo.

Ziwa la Tanganika liko mita 773 juu ya bahari, na vilele vya Marungu vinapita mita 2,400. Kati ya ziwa na vilele kuna njia nyingi za miguu, wala hakuna hata moja iliyonyoka. Uwanjani mtoto hutazama mgongo wa mwenzake. Milimani hutazama mahali pa kuweka mguu: jiwe, mzizi, shimo la panya, tope la jana. Huko Ulaya ziko mbio za kuzunguka mlima Mont Blanc, zilizoanza mwaka 2003. Watu hutoka Chamonix katika Ufaransa, hupita Italia na Uswisi, hurudi Chamonix, nayo ni kilomita 170 hivi. Penye mwinuko mkali hata washindi wenyewe hutembea, maana hapo anayetembea kwa hatua ndefu hachelewi sana kuliko anayekimbia, naye hubaki na nguvu. Tulipowaambia wanafunzi wetu jambo hilo walikataa kabisa kuliamini. Kwao kutembea ni kushindwa. Ilitubidi tuwaache wakimbie mwinuko wote siku tatu, na siku ya nne wakatembea bila kuambiwa.

Kushuka ndiko kunakovunja miguu. Wakati wa kushuka, nyama za mapaja huvutwa na kurefuka huku zikijikaza kuuzuia mwili usianguke. Ndiyo sababu maumivu huja kesho yake, au kesho kutwa, mtu asijue yametoka wapi. Dawa yake ni hatua fupi na magoti yaliyolegea kidogo.

Hilo tulilijua kwa baba yetu kabla ya kulisoma katika kitabu. Baba alikuwa muuguzi wa zahanati, na kwa miaka ishirini na minane alibeba chanjo za surua na polio mpaka vijiji visivyofikiwa na gari. Chanjo hizo hutunzwa katika ubaridi wa digrii kati ya 2 na 8. Zikipata joto huharibika, wala kwa kuitazama dawa yenyewe tu huwezi kutambua kwamba imeharibika. Kwa hiyo baba alitoka alfajiri, saa kumi na moja, sanduku la barafu begani, akatembea kwa mwendo ambao vijana hawakuuweza. Hakuwa akishindana na mtu. Barafu ilikuwa inayeyuka.

Nyuma yake alikwenda mbwa, jina lake Watasema. Baba alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, ambao walinung'unika kwamba mtu wa mshahara mdogo hana haja ya kulisha mbwa. Ni mbwa wa kwetu: mwekundu, kifua cheupe, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo. Hubweka kwa nadra sana. Akifurahi hutoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba. Mbwa wa namna hiyo walitolewa Kongo wakapelekwa Uingereza, na mwaka 1937 wakaonyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts. Wazungu wakawaita basenji, neno lililo ndugu wa lile letu la washenzi. Jina hilo hatulipendi, lakini mbwa hawana habari nalo. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, maana mbwa asiyebweka hupotea katika majani marefu. Watasema naye alivaa kengele, na kinamama wa vijijini waliposikia mlio wake walitoka na watoto wao mgongoni, baba akiwa bado ng'ambo ya kijito.

Kila mwaka baba alimpeleka Watasema achanjwe. Alikwisha kumwona mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa, na ugonjwa ule, dalili zake zikiisha kuonekana, hauna dawa. Ndiyo sababu wanafunzi wetu wote wanajua kwamba mtu akiumwa na mbwa huosha jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha huenda zahanati upesi, hata kama jeraha ni dogo.

Sisi hatukufundishwa kazi ya kuongoza wakimbiaji. Seminarini tulifundishwa Kilatini, na kuamka mapema, na la pili ndilo linalotufaa kilimani. Lakini tulisoma habari za Bruda Colm O'Connell wa Ireland, aliyefika Iten katika Kenya mwaka 1976 kufundisha jografia, bila ujuzi wa riadha. Mji wa Iten uko karibu mita 2,400 juu ya bahari, sawa na vilele vyetu. Mmoja wa vijana aliowalea ni David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012, London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya ulimwengu. Hatutazamii kumpata Rudisha katika darasa la sita. Habari ile ilitufaa kwa jambo moja tu: mwalimu wa jografia anaweza kuanza. Akitumia macho yake vizuri, atamjua mtoto mwenye njaa, na mtoto ambaye viatu vyake ni vya kaka yake, na mtoto asiyelala usiku.

Baba alikufa mwezi wa Machi 2022, kwa ugonjwa wa msukumo wa damu, akiwa nyumbani, mchana, mvua ikinyesha. Mashindano ya shule yalikuwa baada ya majuma matatu. Baba yetu mkubwa, aliyekuja kusimamia kilio, alikataa katakata. Alisema kwamba mtoto wa marehemu huketi, husalimiwa na watu, hunyamaza. Akionekana anarukaruka vilimani, ukoo wote unatukanwa. Hatukumdharau. Desturi ile ina hekima yake: inamlazimisha mwenye msiba akae mahali ambapo watu watamkuta. Mashauri yakaendelea siku mbili, hata mama akaitwa atoe neno. Akasema: «Shemeji, watoto hao wamefanya mazoezi miezi mitatu, na si watoto wetu peke yetu. Waende. Lakini warudi kabla ya jioni, kuni zimekwisha.» Baba mkubwa akatafakari kitambo, akauliza mashindano yenyewe yataanza saa ngapi.

Tulikwenda. Wanafunzi wetu hawakushinda kitu. Ila katika kupanda, tulijikuta tunapita pale baba alipokuwa akitua sanduku lake, na jiwe lile lilikuwa limelainika juu kwa kukaliwa. Nyumbani, kati ya waombolezaji, tulikuwa tumelia kama inavyopasa. Hapo njiani tulimkumbuka yeye mwenyewe, jinsi alivyofuta jasho kwa kofia, na jinsi alivyokasirika tukimwomba apumzike zaidi. Hivyo basi, wanaosema kwamba tunakimbia ili tusahau hawajapita njia ile pamoja nasi. Kila kona yake ina neno la baba, na mengi ya maneno hayo ni makemeo.

Watasema naye alikuwa na kilio chake. Majuma mengi baada ya maziko alitoka alfajiri peke yake mpaka kijitoni, akangoja, akarudi jua likiwa kali. Watu walisema mengi juu ya roho na vivuli. Sisi tunadhani alikuwa anamtafuta mtu aliyempa vipande vya muhogo, na hilo latosha. Siku moja alitukuta njiani na wanafunzi, akatufuata, na tangu siku ile akawa wetu. Hakukaa mbele, kama alivyozoea. Alikaa nyuma, pamoja na mtoto wa mwisho. Na kwa ajili yake tulianza kutoka mapema zaidi, kwa kuwa mbwa hana jasho la mwili kama sisi; hujipoza hasa kwa kuhema, na jua linaweza kumwua wakati mtu bado anakimbia.

Mtoto wa mwisho alikuwa msichana wa darasa la sita, ambaye mama yake alifariki mwezi wa Juni mwaka uleule. Tangu maziko hakusema neno shuleni. Akiulizwa alitazama meza. Wenzetu walimu walimwita ofisini mara nyingi wakamsemesha kwa upole, bila faida. Sisi tulimwita mbioni, tukamwacha. Alikimbia vibaya, mikono imebana kifua, lakini alikuja kila siku. Asubuhi moja, tulipokuwa tumerudi nyuma kumtafuta, tulisikia sauti yake nyuma ya majani. Alikuwa akimweleza Watasema kwamba jana alipika sombe, kwamba chumvi haikutosha, na kwamba mdogo wake hataki kulishwa na mkono wa mtu mwingine. Tukarudi kimyakimya mpaka kwa wenzake, tukawaambia wapumzike kwanza.

Kisha bibi yake akaja kusema kwamba mtoto hatakuja tena: nyumbani kuna kazi, na mbio hazileti kuni. Neno lake lilikuwa haki. Mtoto mwenye kulea wadogo watatu hana nafasi ya michezo, na mwalimu anayemhubiria bibi kama huyo habari za afya ya mwili anastahili jibu atakalolipata. Tukapatana naye hivi: kila mwanafunzi ashuke na vijiti viwili vya kuni kavu, vyote vipelekwe kwa bibi. Mwendo wetu wa kushuka ukawa wa kutembea, tena wa polepole, na mazoezi yakaharibika kidogo. Lakini bibi alipata mzigo mzima kila siku, na mtoto akarudi.

Katika mashindano ya mwaka 2023 alikuwa wa kumi na tisa. Mwinuko wote aliupanda kwa kutembea, mikono juu ya magoti, na mabondeni aliwapita wavulana waliokwisha kujichosha.

Watasema sasa ni mzee. Masikio yake hayasikii vema, na kengele tumemvua kwa sababu inamchubua shingo. Yule msichana anasoma sekondari Kirungu. Likizo iliyopita alifika kwetu, akamsalimu mama, akauliza: «Watasema yuko wapi?» Tukamwonyesha jikoni, karibu na jivu lililokuwa bado na moto. Akaketi chini pamoja naye, akaanza kumweleza habari za shule.