Jiwe la Mugere na njia ya Rumonge



Mwezi uliopita siye walimu watatu wa kujitolea tulipata karatasi ya ruhusa kwenda Rumonge kusalimia familia ya mwenzetu. Wengi mlitutuma: "Mkifika ziwani, mtuangalilie kwetu." Basi, habari ndizo hizi.

Ukitoka Bujumbura, barabara ya Rumonge inafuata ziwa, maji yako upande wa kulia. Kwenye km 12 hivi tulishuka Mugere. Hapo juu, mahali panapotazama ziwa, kuna jiwe kubwa limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Jiwe lenyewe si zuri sana. Ni jiwe tu, na watoto wanalipanda.

Kijana mmoja wa pale akatuambia hapo ndipo Wazungu hao walipokutana mara ya kwanza. Wengi nchini Burundi wanasema hivyo. Lakini Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, Tanzania ya leo, tarehe 10 Novemba kwa hesabu yake. Baada ya hapo wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini, wakalala Mugere siku mbili, wakapokelewa na mtemi Mukamba. Walichokuwa wanatafuta ni mto Rusizi. Eti unatoka ziwani kwenda Nile, au unaingia? Walipofika wakakuta unaingia. Maji ya Tanganyika yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanakwenda mto Kongo.

Wa Uvira mtacheka. Mvuvi yeyote wa Kavimvira angewaambia bila kudai hata senti. Na kweli walishaambiwa! Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wenyeji wakawaeleza kwamba Rusizi unaingia ziwani. Ikapita miaka 13 ndipo Wazungu wengine wakaja kuona kwa macho yao. Na wale waliopiga kasia tangu Ujiji, majina yao hayako kwenye jiwe. Wala la Mukamba aliyewapa mahali pa kulala.

Hapo tukakumbuka ile picha ya gazeti la zamani ambayo wanafunzi wa la sita waligombania: duara kubwa ndani ya shamba la ngano huko Uingereza. Wengine walisema ni mashetani, wengine ni vyombo vya kutoka angani. Kumbe mwaka 1991 wazee wawili, Doug Bower na Dave Chorley, walijitokeza wakaonyesha vile walivyokuwa wakichora maduara hayo usiku kwa ubao na kamba. Hata hivyo watu hawakuacha kwenda kuyatazama na kusimulia yao. Mugere nako tuliona mambo kama hayo. Wageni walifika kweli, lakini hadithi imeongezwa chumvi. Yule kijana tulimweleza habari ya Ujiji, akasema sawa, halafu waliofuata akawaeleza vilevile kama mwanzo. Hatumlaumu, wageni wanampa chochote.

Kutoka pale jiweni milima ya Uvira iko ng'ambo, karibu kabisa. Wale mliovuka mwezi Desemba 2025 mnaelewa kwa nini mwenzetu mmoja alitazama huko muda mrefu bila kusema neno. Tulimwacha.

Rumonge ni mbele zaidi, kama km 60 tena, gari limejaa na mafuta ni ya shida. Huko ni michikichi kila upande, na harufu ya mawese inakupokea kabla ya mji. Sokoni Kiswahili kinatembea bila woga, tulijiona kama tuko Baraka. Tulishuka ufukweni jioni kutafuta Ubwari ng'ambo, lakini ukungu ulikuwa mzito. Mama mmoja wa ndagala akatuuliza, "Wanangu, mnaangalia nini?" Tulipomweleza, akasema naye ni wa huko, alivuka mwaka 1996. "Hapa jioni hamtaona kitu. Rudini asubuhi, mvua ikinyesha usiku."

Mvua ilinyesha. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa ufukweni, na Ubwari wote ulikuwa wazi mpaka mikunjo ya milima. Mama alishafika na ndoo zake. Akanyoosha kidole, akatutajia vijiji vya kwao kimoja kimoja akianzia kushoto, na alikuwa hajafika katikati pale gari la Bujumbura lilipoanza kupiga honi.