Kerneli mpya, Wi-Fi hakuna

Jumatatu iliyopita, saa mbili asubuhi, simu ililia. Mwalimu wangu wa zamani, kutoka Kitui. "Kijana, hizi mashine zako zimekataa intaneti. Zote." Tarakilishi 11, na kidato cha nne wanangoja mlangoni.

Mashine hizo zinatumia Debian, na draiva ya Wi-Fi niliifungasha mimi. Kwa wasiojua: moduli hujengwa kwa toleo moja hasa la kerneli. Ikija kerneli mpya, sharti ijengwe upya. Kuna DKMS, iliyoanzia Dell, ambayo hufanya kazi hiyo vizuri tu, lakini mimi kwa ujuaji wangu nikaandika skripti yangu na kuiweka ndani ya /etc/kernel/postinst.d.

Nilimwomba Mwalimu awashe upya mashine moja na kuchagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Wi-Fi ikarudi. Hapo nikajua mkosaji ni nani.

Skripti yangu ilitumia `uname -r` kujua ijenge kwa toleo gani. Amri hiyo hutaja kerneli inayoendesha mashine sasa hivi, si ile inayosakinishwa. Kwa hivyo Ijumaa, kerneli mpya ilipoingia, skripti ilijenga tena moduli ya kerneli ya zamani, ambayo tayari ilikuwa nayo! Toleo jipya skripti hupewa mkononi, kwenye `$1`. Herufi mbili tu.

Nikarekebisha, nikajaribu kwenye mashine yangu. Skripti ikamaliza bila neno. Nikatafuta moduli: hakuna. Faili za headers za kerneli mpya hazikuwepo, ujenzi ukashindwa, na mwisho wa mstari niliona nilichokiandika mwaka jana: `|| true`. Yaani lolote litokee, sema ni sawa.

Nakumbuka kwa nini niliiweka. Skripti ikirudisha kosa, kerneli hubaki imesakinishwa nusu na apt hulalamika kila ukiigusa. Nilikuwa nimechoka kupigiwa simu.

Nimeifuta. Kifurushi sasa kinadai linux-headers-amd64, na skripti huuliza `modinfo -k "$1"` kabla ya kukubali kwamba kazi imekwisha. Ikishindwa, ipige kelele. Jumamosi napanda matatu ya Kitui na flashi mfukoni. Hadi hapo wanafunzi wako kwenye kerneli ya zamani, na Mwalimu amebandika karatasi ukutani kueleza menyu ya GRUB.