Kabla ya Ndoa, Bebeni Mabegi!

Ukikaa stendi ya Nanenane hapa Dodoma asubuhi asubuhi hukosi kuwaona. Kijana wa kizungu na binti wake, ndala miguuni, pua zimebabuka kwa jua, na migongoni wamejitwika mabegi makubwa utadhani magunia ya mkaa yanayopelekwa Majengo. Wanaulizia basi la Kondoa. Wanagombania chupa moja ya maji. Wapiga debe wamewazunguka, na pembeni akina sisi tunacheka chini chini: "Hawa nao, hela zote walizonazo, wanajitesea nini?"

Kumbe kwao mambo hayo ni ya kawaida. Tangu mwaka 1972 kuna tiketi ya treni inayoitwa Interrail, iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana, na ukiwa nayo unaingia nchi moja unatokea nyingine. Kijana na mchumba wake wanafunga mabegi. Leo wamelala Paris, keshokutwa wako Florence wanatazama makanisa ya karne na karne, mara Roma kwenye magofu, mara Prague. Wanalala vitanda vya bei poa na kula mkate njiani. Wakirudi nyumbani, ama wanaoana ama kila mtu anashika hamsini zake. Hakuna kamati, hakuna kadi za mchango.

Mimi niliyeishia kidato cha nne, Roma nimeiona kwenye picha tu. Lakini mwezi wa saba mwaka 2023, mimi na mwenzangu tulifunga mabegi yetu mawili tukaenda kutazama mahali pa kale hapa hapa katikati ya nchi. Niliyoyaona huko ndiyo yananifanya niseme nawe wiki hii.

SI MAMBO YA WAZUNGU

Kwanza tuondoe dhana moja. Kuna watu wakiona mtu na begi mgongoni wanasema huo ni uzungu. Ebo! Katika karne ya 19, kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mwanamume wa kuoa mpaka abebe mzigo hadi pwani na kurudi. Sio kibegi cha nguo mbili. Ni mzigo wa kilo 30 hivi, pembe za ndovu wakati wa kwenda, na vitambaa, shanga au nyaya za shaba wakati wa kurudi. Kwa miguu, Tabora hadi Bagamoyo!

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita njia hiyo wakitokea pwani. Iliwachukua siku 134 kufika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora yetu ya leo. Waliobebeshwa mizigo hawakuwa wao, bwana! Na wala usidhani misafara ile ilikuwa ya wanaume peke yao. Wake wa wapagazi walikuwamo, na vyungu vichwani na watoto migongoni. Tusisahau pia kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na hao hawakuwa na safari ya kurudi.

Katikati ya njia hiyo walikaa babu zangu Wagogo. Nchi kavu, maji ya kuhesabu. Msafara ukitaka kupita na kunywa, lazima ulipe hongo. Wakati ule neno hilo halikuwa la aibu, ilikuwa kodi halali ya mtemi. Leo ukilitamka ofisini watu wanageuka kutazama mlango. Basi utani wa Wagogo na Wanyamwezi ni wa siku nyingi, na kwa bahati mwenzangu ni Mnyamwezi. Mpaka leo akitaka maji ya kunywa nyumbani kwetu Chang'ombe, wadogo zangu humwambia alipe kwanza.

SHANGAZI ATOA MASHARTI

Najua unataka kuuliza: wazazi walikubali vipi? Barua ya posa ilikuwa imekwisha pokelewa, mahari ilikuwa bado. Mama alinuna. Baba alijifanya hajasikia, akaongeza sauti ya redio. Aliyeniokoa ni shangazi.

"Mwanangu," aliniambia, "mwanamume humjui akiwa ameoga na kunyoa ndevu. Mjue akiwa na njaa. Nenda. Ila vyumba viwili kila mnapolala, na stakabadhi za vyumba viwili nitaziona."

Tukaweka laki nne. Mimi nilitoa laki mbili zangu za kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Yeye ambaye ni fundi wa madirisha ya alumini akatoa laki mbili zake, na fedha zote akazishika yeye. Mpango ulikuwa Kolo kwanza, turudi Dodoma, tupande treni ya reli ya kati hadi Tabora kwa bibi yake, kisha Kigoma na Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwezi Novemba mwaka 1871. Niliitaka Ujiji kuliko vyote.

MICHORO YA KOLO

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni lami, huna sababu. Mbele kidogo ya Kondoa ndipo Kolo, kuna ofisi ya mambo ya kale, unalipa, unapewa mwongozaji, unapanda mlima kwa miguu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro, na kwa miaka isiyopungua elfu mbili watu wamekuwa wakichora huko. Mama mmoja mtafiti, Mary Leakey, alipiga kambi huko mwaka 1951 akainakili mmoja mmoja. Na mpaka leo wenyeji hupanda mlimani kufanya matambiko yao, kuombea mvua na wagonjwa.

Pango linaloitwa Mongomi wa Kolo lina mchoro mmoja mwekundu uliotugombanisha. Watu wamesimama mstari, wamewekana mikono, na katikati yupo mmoja kama anavutwa pande mbili. Mwongozaji alisema wengine wanaamini ni msichana anatekwa, wengine wanaona ni tambiko, mtu amepandisha na wenzake wanamshika.

Mwenzangu akasema, "Hao wanamgombania. Mwenye nguvu ndiye atakayemchukua."

Nikasema, "Hapana. Wanamshika asianguke."

Unadhani ni mzaha? Tulibishana hadi chini ya mlima. Yeye anasema mwanamke hupatikana kwa kushindania. Mimi nauliza kama huyo wa katikati kaulizwa. Mwisho mwongozaji wetu, mzee wa Kirangi mwenye adabu zake, akatuambia, "Wanangu, hao wamekaa hapo miaka yote hiyo hawajatoa jibu. Shukeni, jua linazama." Tukacheka. Lakini mpenzi msomaji, miaka mitatu ya kula chipsi pamoja haikuwahi kutufikisha kwenye mazungumzo ya namna ile.

Usiku gesti, kitabu cha wageni kililetwa. Unavijua vile vitabu: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Dada wa mapokezi akasoma Mgogo na Mnyamwezi, vyumba viwili, kisha akatutazama kwa huruma. "Mmegombana?" Nikamwambia hapana, ni shangazi. Akaandika stakabadhi mbili.

MGUNDA MKALI

Treni ya reli ya kati ni shule. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa kufika kwake kazi ya wapagazi ikafa. Mnapita Bahi, Kintinku, Manyoni, Itigi. Akina mama wanauza mahindi na kuku madirishani, watoto wanakimbia na treni. Ukitoka Manyoni unaingia vichaka, vichaka, vichaka. Huko ndiko wapagazi walikokuita Mgunda Mkali, siku kadhaa bila maji wala kijiji, na walipakaribia kwa hofu.

Na mimi ndiko nilikoonja ukali wake. Tulipokuwa Kintinku nilitaka kununua kuku. Mwenzangu akatoa noti ya elfu mbili, akasita. Nikamuuliza kulikoni. Akatazama nje.

"Mdogo wangu alikuwa anafukuzwa chuo," akasema. "Nilimtumia laki na nusu."

"Lini?"

"Kabla hatujaondoka."

Yaani Kolo tulipanda mlima tukabishana habari za msichana wa pangoni, na yeye muda wote anajua mfukoni hamna kitu! Na katika hizo laki na nusu zimo zangu, za kibanda, shilingi mia mia na mia tano. Sikupiga kelele. Abiria walikuwa wengi na mimi nimelelewa. Nilimwambia neno moja tu, "Sawa," halafu kutoka Manyoni hadi Tabora sikusema tena. Alinipa maji, nikanywa. Alinipa shuka, nikajifunika. Kusema, hapana. Niliwaza kushuka na kupanda treni ya kurudi, nimrudishie barua yake ya posa. Nasema ukweli, niliwaza hivyo kituo baada ya kituo.

BIBI WA TABORA

Bibi yake anakaa Tabora mjini, chini ya miembe. Kwa desturi yeye humwita mjukuu wake mume wangu, kwa hiyo mimi nilipokelewa kwa kicheko: "Mwangaluka, mke mwenzangu!" Lakini wazee wana macho. Tulikuwa hatujamaliza chai akauliza, "Mbona mmekaa kama wapangaji?"

Mwenzangu akaeleza mwenyewe, wala sikumsaidia. Bibi akasikiliza, akatandika mkeka.

"Haya mume wangu, toa kilichobaki. Hesabu mbele ya mke mwenzangu."

Akahesabu. Laki moja na elfu kumi na nane. Bibi akamwambia, "Kumlipia mdogo wako si kosa, ni damu yako. Lakini mzigo mmeubeba wawili. Huwezi kupunguza upande mmoja kimya kimya, mwenzako ataanguka. Utamrudishia za kwake, na utasema leo utarudisha lini."

Akasema: mwisho wa mwezi wa tisa. Bibi akaniuliza mimi kama nimekubali. Hakuniambia nisamehe, hakuniambia mwanamke ni kuvumilia, maneno ambayo nilikuwa nimejiandaa kuyasikia. Aliuliza tu kama tarehe inanifaa. Nikasema inanifaa.

Ujiji ikafutwa, nauli ya kwenda na kurudi haikutosha. Badala yake tukaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Nilicheka kuliona. Paa bapa la udongo, kuta nene, ni nyumba zile zile za kwetu Ugogo! Stanley alipoondoka, mzee Livingstone alibaki pale akingoja wapagazi, hadi mwezi Agosti walipofika akaondoka nao. Mwaka uliofuata alifariki, na watu wake, akiwamo Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake safari ndefu hadi Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Mwenzangu alisoma habari hizo ukutani akanyamaza muda mrefu. Kisha akachukua begi langu akalibeba pamoja na lake. Sikumzuia.

KWA HIYO?

Fedha zangu zilirudi tarehe 28 mwezi wa tisa, shilingi kwa shilingi. Shangazi aliziona stakabadhi zake za vyumba viwili, akazihesabu kama karani wa benki. Mahari ililetwa mwezi Desemba na ndoa tukafunga mwaka 2024, ukumbi mdogo, pilau la kutosha, basi. Nyumbani tuna daftari juu ya kabati. Ndugu wa kwake au wa kwangu akiomba, inaandikwa kwanza, inajadiliwa, ndipo inatumwa. Lile daftari lilizaliwa Kintinku, na nadhani limetuepusha na ugomvi mwingi kuliko semina zote za wachumba.

Vijana wenzangu, tunachangisha mamilioni kwa siku moja ya kukata keki, na anayekaa pembeni yako kwenye kiti cha kifahari hujawahi kumwona akikosa usingizi. Toeni sehemu ndogo tu ya hizo mkatembee. Wa Dar es Salaam, treni ya umeme imefika Dodoma tangu mwaka 2024, njooni mshangae zabibu na Bunge, kisha mwende Kolo. Wa huku kwetu, shukeni Bagamoyo, shukeni Kilwa, mkaone magofu yetu wenyewe. Bebeni maji, shuka moja, na viatu vilivyokwisha zoea mguu. Wenye wazazi wakali, vyumba viwili na stakabadhi zitunzwe.

Na wewe dada, kabla basi halijaondoka stendi, muulize mwenzio kwa upole kabisa: pochi ina shilingi ngapi?