Filamu Sita na Mzigo wa Mwenzio



Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye kando ya njia huuona mzigo wa mpitaji kuwa mwepesi, kwa kuwa bega linaloumia si lake. Katika miezi ya mvua, barabara zilipokuwa tope na safari zimepungua, tulikutana Jumapili alasiri kutazama filamu ukutani kwa jenereta ya kuazima. Nyingi zilikuwa za Kifaransa. Aliyefahamu alimfasiria jirani yake. Baada ya kila filamu tuliulizana swali moja: je, imetufanya tuusikie uzito wa mzigo wa mtu mwingine, au imetuacha kando ya njia? Haya ndiyo tuliyoyaona katika sita kati ya hizo.

The African Queen (1951). Tulianza na kongwe kuliko zote, kwa ajili ya mto wetu. John Huston alipiga baadhi ya picha zake kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, mji uliokuwa ukiitwa Ponthierville. Maji ya Lualaba yanayopita kwetu hufika huko baada ya Kindu. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanateremka mto kwa mashua mbovu, wakikusudia kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tulicheka sana, na wote wawili tuliwapenda. Lakini mwanzoni askari wanakichoma kijiji na kuwachukua wenyeji, kisha safari inaendelea na filamu haiwaulizi tena. Msichana mmoja kati yetu alisema, "Na wale wa kijijini walikwenda wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Ni filamu ya kuburudisha, ila watu wa kwetu ndani yake ni kama miti ya ukingoni.

Lumumba (2000). Mwongozaji wake, Raoul Peck, ni Mhaiti aliyepata kuishi Kongo utotoni. Kwa sababu ya vita vya nchi yetu, picha alizipiga Zimbabwe na Msumbiji. Matukio yanakwenda mbio, na asiyeijua historia hupotea katika wingi wa majina. Hata hivyo, tuliyezoea kumwona kwenye mabango na katika hotuba, hapa tulimwona akikimbia, amechoka, akiwa na mke na mtoto mdogo. Amekwisha kuuvuka mto Sankuru nao wamebaki ng'ambo. Anawarudia, na anakamatwa. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, akiwa na miaka 35. Wazee waliokuwa nasi walikaa kimya muda mrefu. Shuleni tulijifunza kwamba alikuwa waziri mkuu. Jioni ile tulikumbuka kwamba alikuwa pia baba wa watoto.

Rebelle (2012). Hii tuliwakataza wadogo wasije. Kim Nguyen aliipiga Kinshasa, ingawa nchi haitajwi. Komona, mtoto wa miaka 12, anatekwa na waasi, analazimishwa kuwaua wazazi wake mwenyewe, kisha anabebeshwa silaha. Anaisimulia habari yote kwa mtoto aliye tumboni mwake, akiogopa kwamba hataweza kumpenda. Rachel Mwanza, binti aliyekuwa ameishi katika barabara za Kinshasa, alipewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike huko Berlin mwaka ule ule. Kwetu habari hii si ngano. Wapo waliobebeshwa silaha wangali watoto, na wengine wao wamerudi na kuketi nasi katika mabenchi ya kanisa. Katikati ya filamu mwenzetu mmoja alisimama akatoka. Hatukumuuliza neno. Wawili walimfuata, wakaketi naye barazani mpaka mwisho. Katika filamu nyingine za vita tunazopeana kwenye simu, waliokufa huhesabiwa kama mabao ya mpira. Komona yeye anarudi kijijini kuwazika wazazi wake, kwa sababu asiyezikwa hampi amani.

Des hommes et des dieux (2010). Xavier Beauvois anasimulia habari za watawa wa Tibhirine, nchini Algeria, walioishi kati ya Waislamu na kuwatibu wagonjwa wao. Vita vinapokaribia wanaulizana: tuondoke au tubaki? Hawapatani upesi, na mmoja wao usiku analia kwa hofu mbele ya Mungu. Wanapojifananisha na ndege walio juu ya tawi, mama mmoja wa kijiji anawasahihisha: ndege ni sisi wanakijiji, tawi ni ninyi. Watawa saba walitekwa mwezi Machi 1996 na kuuawa. Mwaka 2018 walitangazwa wenyeheri. Filamu inakwenda polepole, na wengine wetu walisinzia. Walioendelea kutazama waliwakumbuka wa kwetu. Ukitoka Kabambare kwenda mashariki unafika Fizi. Huko, na Baraka, tarehe 28 Novemba 1964, waliuawa wamisionari watatu Wasaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert. Walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tulikuwa tukidhani mashahidi hawaogopi. Sasa tunajua kwamba mtu aweza kuogopa, na bado akabaki.

Supa Modo (2018). Hii ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya, tuliwaita watoto wote waje. Jo ana miaka tisa, anapenda mno filamu za mashujaa, na ugonjwa wake hauna dawa. Mama yake anamtoa hospitali ili apumzike nyumbani, lakini dada yake, Mwix, anakishawishi kijiji kizima kimfanye Jo kuwa shujaa katika filamu yao wenyewe. Hakuna muujiza wa uponyaji. Wapo majirani tu, kila mmoja akileta alichonacho. Katika hizi sita ndiyo pekee iliyotufanya tucheke na kulia ndani ya saa moja, nasi twaisifu kwa moyo wote.

Makala (2017). Jina hili halikuhitaji mfasiri, wala maneno yake: ni Kiswahili cha Kongo. Mfaransa Emmanuel Gras anamfuata Kabwita, mwanakijiji wa upande wa Kolwezi. Anaangusha mti kwa shoka, anauchoma katika tanuri la udongo, anajaza magunia na kuyapanga juu ya baiskeli mpaka yenyewe haionekani. Kisha anaisukuma kiasi cha kilomita 50. Malori yanamfunika vumbi. Njiani anadaiwa malipo ili apite. Sokoni wanunuzi wanaivuta bei chini. Anaulizia mabati ya kuezekea nyumba, na fedha hazitoshi.

Mmoja wetu alinong'ona kwamba hayo huyaona kila siku. Ya nini kuyatazama ukutani? Kaka zetu husukuma mchele na mawese hivyo hivyo kutoka Kabambare hadi Kasongo. Baada ya nusu saa yeye mwenyewe alikuwa ameinama mbele, kana kwamba anasukuma. Mwingine akauliza swali zito zaidi: "Na huyu mwenye kamera, mbona hamsaidii?" Wengine walimtetea: kazi yake ni kuonyesha. Wengine walikataa. Tulibishana mpaka mafuta ya jenereta yalipokwisha.

Hatukupatana juu ya mwenye kamera. Tulipatana juu yetu: kuusikia mzigo si sawa na kuubeba, na sisi hatuna kamera ya kutuzuia.

Kikundi kitakachopenda kutazama mojawapo kianze na Supa Modo, pamoja na watoto. Rebelle isitazamwe bila mtu mzima atakayekuwa tayari kutoka na atakayetoka. Na siku ya soko, kwenye kilima cha kuingilia mjini, baiskeli ni nyingi na tope ni jingi. Vijana wanne wakisimama hapo tangu alfajiri, wanatosha.