Siku ya kwanza ya kukandwa mwili: mambo tuliyoyaona

Juma hili tuache kidogo habari za mkopo na za masomo ya watoto, tuzungumze juu ya migongo yetu.

Uzito tunaujua. Tunapanda vilima vya Butembo na mzigo mgongoni, kamba ikikaza paji la uso: viazi, makala, mchanga wa kujengea, na mara nyingine mtoto kifuani. Mwenye chukudu hungoja mteremko. Sisi tunapanda kwa miguu. Huko Beni ni mihogo, kuni na mafuta ya mawese, na wengi wetu walikimbia vijiji vyao usiku wakiwa wamebeba kila walichoweza. Jioni tunasema mgongo unauma, tunameza kidonge, tunalala. Asubuhi tunaanza tena.

Katika kikundi chetu tulikubaliana kutoa kidogo kidogo kwenye sanduku, ili kila mwezi wawili wetu waende kukandwa na mama mmoja aliyesomea kazi ya kine. Sasa tumekwenda sote. Tunawaandikia kwa sababu kabla ya kwenda tulikuwa na maswali, na hatukuwa na wa kumwuliza. Je, nitavua nguo zote? Atakayenigusa ni mwanamke au mwanaume? Itauma? Bwana atasema nini?

Kwanza tujue kwamba kukanda si kitu kigeni kwetu. Mwanamke akizaa, mama mkwe au nyanya huchemsha maji, huchovya kitambaa, humkanda mgongo na miguu. Kazi ya kine ni ndugu ya hiyo, ila imepangwa kwa masomo. Wengi huiita masaji ya Kiswidi. Husimuliwa kwamba baba yake ni Pehr Henrik Ling, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1776, aliyefungua chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm mwaka 1813. Lakini wachunguzi wa historia wanasema mpango wa mikono yake, pamoja na majina yake ya Kifaransa, watokana zaidi na daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger. Na huko Uswidi kwenyewe hawaiiti ya Kiswidi. Wanaiita masaji ya klasiki.

Sasa, mambo yatakayokupata siku ya kwanza.

Utaanza na maswali, si na mafuta. Una mimba? Umezaa lini? Ulipasuliwa tumbo? Presha ya damu iko namna gani? Kuna dawa unayomeza kila siku? Kuna mafuta yanayokuwasha ngozi? Mwenye kukukanda bila kukuuliza neno lolote, mwogope. Jibu kweli, hata kama jambo ni la siri, maana majibu hayo ndiyo yatakayomwonyesha pa kukanda na pa kuacha. Hapo hapo uliza bei na muda. Kuuliza bei mapema si ukosefu wa adabu. Sokoni tunauliza kila siku.

Kisha atanawa mikono mbele yako. Asiponawa, mwombe anawe.

Juu ya nguo: unavua zile tu unazotaka kuvua. Mama huyo hutoka nje au hugeuka, wewe unalala juu ya meza na kujifunika kikwembe. Anafunua sehemu moja tu anayoikanda, mgongo au mguu, halafu anaifunika tena kabla ya kwenda kwenye nyingine. Matiti na sehemu za siri haziguswi. Beba kikwembe chako mwenyewe kutoka nyumbani; Butembo ni baridi, na mwili ukisikia baridi haulegei. Ukitaka kwenda na dada au jirani akae ndani pamoja nawe, sema. Ukitaka kukandwa na mwanamke, sema hilo siku ya kuomba nafasi, usingoje kufika mlangoni.

Mikono yenyewe ni ya namna tano. Anaanza kwa kupapasa polepole, kwa urefu, ili mwili uzoee na mafuta yaenee. Kisha anakanda, kama vile tunavyokanda unga wa mandazi, akiinua nyama na kuiminya. Anasugua kwa kidole gumba pale palipokazana. Anagongagonga kwa viganja. Mwisho anatikisa kidogo, halafu anarudia kupapasa. Kuna pahali patakapouma, hasa kati ya mabega na kwenye shingo, kwa sisi wa kamba ya paji. Maumivu ya kukufanya uvute pumzi na kusema «ndiyo, hapo hapo» ni ya kawaida. Maumivu ya kukufanya ukaze meno si ya lazima. Sema «punguza». Yeye hawezi kuona ndani ya mwili wako.

Ikiisha, usiruke kutoka mezani. Keti kwanza, kwa sababu wengine huona kizunguzungu. Kunywa maji. Kesho yake mwili unaweza kuuma kama baada ya siku ya kwanza ya kulima. Kwa kawaida hupita kwa siku moja au mbili. Usiende kubeba gunia siku ile ile.

Tuseme ukweli pia juu ya faida. Masaji hulegeza, hupunguza maumivu ya mgongo kwa muda, husaidia usingizi. Haiponyi kila kitu, na mzigo ukibaki ule ule, maumivu hurudi. Mama yule alitufundisha kugawa mzigo mara mbili, kupumzika njiani, na kunyoosha mgongo asubuhi kabla ya kutoka. Hayo hayana bei.

Kuna siku za kutokwenda kabisa. Ukiwa na homa, kidonda au ugonjwa wa ngozi, ngoja upone. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, usikandwe: damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na kuikanda ni hatari ya kufa. Nenda hospitali upesi. Mwenye mimba, au mwenye presha iliyopanda, aulize kwanza muuguzi au daktari. Na mgongo unaouma usiku kucha pamoja na kukonda na jasho unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, ni kazi ya daktari siku ile ile. Tumbo la mama aliyezaa juzi nalo lisikandamizwe kwa nguvu, hata kama anayefanya hivyo anatupenda.

Kuna jambo tusilolitazamia. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa huku kwetu, hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, tulifundishwa kutogusana. Ilikuwa lazima, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Hatukushikana mikono kanisani wala sokoni. Tulizika wapenzi wetu bila kuwaosha. Korona nayo ikaja kabla hatujamaliza. Ugonjwa ukaisha, lakini mikono ilikuwa imezoea kukaa mbali. Basi wawili wetu walilia juu ya meza ile, na si kwa maumivu. Walisema ilikuwa miaka mingi tangu mtu awaguse bila kuwaomba kitu. Mama yule hakushangaa. Aliwapa kitambaa, akangoja, akauliza kama aendelee au aache.

Na mmoja wetu, aliyekimbia kutoka upande wa Beni, hakuweza kulala kifudifudi katika chumba kilichofungwa. Hakueleza sababu, na hakulazimishwa. Mama alifungua mlango nusu, akamkalisha kitini na nguo zake zote, akamkanda mikono na miguu tu. Siku hiyo hayo yalimtosha. Mara ya pili aliomba mabega. Hatujui kama kuna mara ambayo ataomba mgongo. Ni yeye atakayesema. Tumejifunza kwamba neno «hapana» ni sehemu ya kazi hii, na anayelichukia hafai kutugusa. Na mwanamke aliyebakwa asianze na masaji: afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo hazifai kitu baada ya muda huo.

Kuhusu bwana: wengine wamesikia habari mbaya za nyumba za masaji, na wana haki ya kuuliza. Tulifanya hivi: tuliwaeleza mapema ni nani, ni wapi, ni bei gani, na kwamba mlango haufungwi kwa ufunguo. Bwana mmoja alinuna, akasema hizo ni franka za kupoteza. Mke wake alimwomba abebe ndoo zake za maji kwa siku moja tu, kutoka chemchemi hadi nyumbani. Jioni aliuliza kama kikundi kinapokea wanaume. Bado tunajadili.

Wamama, punda hubeba, lakini mwenye punda humpumzisha. Sisi nani atatupumzisha kama hatukukubaliana sisi wenyewe? Kikundi kinachotaka kufanya kama sisi kianze na kidogo: sanduku moja, wawili kwa mwezi, wakianza wale wenye mzigo mzito kuliko wote. Ulizeni katika hospitali iliyo karibu kama wana kine, na kama yuko mwanamke. Na wale ambao hawajafikiwa na zamu wakandane mabega siku ya mkutano, nguo zikiwa mwilini, mikono ikiwa imenawa, na kila mmoja akiulizwa kwanza kama anakubali.